Maswali Yenu: Nondo mtegoni wengi, viwavi shambani hakuna

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi nalima mahindi huku Kilosa. Tulipewa mtego wa harufu wa kunasa nondo wa kiwavijeshi vamizi, basi nakuta nondo kibao lakini mahindi yako poa tu, kiwavi hata mmoja sioni. Jirani kaona nondo kapiga dawa fasta. Hawa nondo wa kijivujivu nawatofautishaje? Na hicho kipimo cha DNA (vinasaba) kinasaidia kweli?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Ndugu yetu, umefanya la maana kutokimbilia dawa, maana hao nondo inawezekana sio wenyewe. Ile harufu inaiga ya jike ili madume yaje, ila kuna nondo mwingine, Leucania loreyi, naye inamvuta hiyo hiyo, na hapa Afrika ameshakutwa sana kwenye mitego ya namna hii. Kuhesabu nondo bila kuwaangalia mmoja mmoja ni kubahatisha, na inaniuma kuona watu wanamaliza hela na kuvuta sumu kwa ajili ya mdudu asiyehusika.

Chukua mmoja ambaye hajachakaa, mlaze kwenye karatasi nyeupe juani. Dume la kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda) bawa la mbele lina baka jeupe karibu na ncha, na katikati alama ya duara refu imekaa mshazari. Loreyi ana rangi ya nyasi kavu, baka hilo hana. Pagumu ni kwa kiwavijeshi wetu wa siku zote, Spodoptera exempta, yule wa kuja kwa makundi mvua zikianza, kwa sababu huyo na vamizi ni ndugu wa karibu na magamba ya bawa yakishapukutika mtegoni hata mtaalamu anakwama, inabidi apasue ncha ya tumbo aangalie viungo vya uzazi kwa darubini.

Viwavi ndio rahisi. Vamizi ana Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi karibu na mkia yamekaa mraba, na anajichimbia moyoni mwa mhindi. Yule exempta akiwa kwenye kundi mgongo wake ni mweusi tii.

DNA inasaidia, tena sana. Mguu mmoja wa nondo unatosha, maabara wanasoma kipande cha jeni inayoitwa COI, herufi za DNA kama 658 hivi, wanalinganisha na kumbukumbu zilizopo za wadudu wanaojulikana, njia aliyoipendekeza mwanasayansi Paul Hebert wa Canada mwaka 2003. Kwa swali lako inamaliza ubishi. Ila jeni hiyo inatoka kwa mama peke yake, na vamizi ana koo mbili, ya mahindi na ya mpunga, sura ile ile. Hapa Afrika COI inasema wengi ni wa mpunga wakati wamejaa kwenye mahindi, halafu ukisoma jeni nyingine inayoitwa Tpi inasema ni wa mahindi! Yaani ni damu iliyochanganyika, ndio maana jeni moja haitoshi kujua ukoo.

Ukitaka wapimwe, waweke kwenye kichupa cha spiriti safi (ethanoli), fomalini usitumie inaharibu DNA, andika tarehe na kijiji, mpe afisa ugani wa kata awafikishe TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Na wakati unasubiri majibu kagua mioyo ya mahindi, kama hamna kiwavi wala majani yaliyotobolewa, dawa acha dukani.