Kabla ya kununua droni, pimeni mpaka wenu kwa miguu

Ndugu uliyeuliza kama kamati yenu ya msitu ianze kwa kununua droni, yaani kindege kisicho na rubani, au kwa kulipia picha za setilaiti ili kuwadhibiti wanaokata miti usiku, jibu langu ni kwamba msianze na lolote kati ya hayo mawili. Kwa miaka saba nimesaidia jamii zinazoishi kando ya misitu ya mvua kuchora ramani zao na kusoma tahadhari za setilaiti, yaani taarifa kwamba miti imetoweka mahali fulani. Katika muda huo nimeona vifaa vya bei kubwa vikilala kabatini huku msitu ukiendelea kuliwa, na nimeona pia watu wanne wenye simu za kawaida wakiufanya mpaka wao uheshimiwe. Hao wanne walikuwa wanajua, kijito kwa kijito, mahali msitu wao unapoanzia na unapoishia, na majirani zao walikuwa wamekwisha kukubali hivyo mbele ya mashahidi.

Habari ya picha niimalize upesi. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zimekuwa zikipigwa tangu mwaka 1972 na tangu 2008 hutolewa bure kwa yeyote. Kila setilaiti yake hurudi juu ya eneo lilelile baada ya siku 16, na kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inafunika mita 30 kwa 30, yaani chini kidogo ya robo ya ekari. Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huona kwa pikseli za mita 10 na zikiwa mbili hurudi kila baada ya siku tano hivi. Msitu wa mvua una mawingu karibu mwaka mzima, ndiyo maana siku hizi kuna tahadhari zinazotokana na rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu. Tahadhari hizi zote mtazikuta bila malipo katika jukwaa la mtandaoni la Global Forest Watch, lililozinduliwa mwaka 2014, na programu yake ya simu inaweza kupakua ramani ya eneo lenu mkaitumia porini pasipo na mtandao. Kwa hiyo mtu akija kuwauzia tahadhari zinazopatikana bure, msikilizeni kwa adabu, kisha mwende zenu.

Kinachogharimu muda, na ambacho hakuna setilaiti itakayowafanyia, ni ramani yenyewe. Sisi huanzia chini, uwanjani, kwa mkaa, kamba na mbegu, kwa sababu kompyuta ikitangulia ni vijana tu wanaozungumza. Katika kikao kimoja wazee walichora mto, njia za kuwindia na mashamba ya zamani kwa muda usiozidi saa moja, wakaridhika, na mwenyekiti akawa anajiandaa kufunga. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa nyuma kimya akainuka, akachukua kijiti, akaufuta mkono wa kijito na kuuchora upya upande wa pili wa kilima. “Wanangu,” akasema, “hapa ndipo ninapochota maji tangu nilipoolewa, na maji haya hayapiti huko mnakoyapeleka.” Wiki iliyofuata tulikwenda na GPS, tukakuta kijito kiko palepale alipokiweka. Kama tungelifuata mchoro wa kwanza, kipande kizima cha msitu kingesomeka kuwa cha kijiji jirani. Tangu siku hiyo sikubali kikao cha ramani kisicho na akina mama, tena nawapa mkaa wao wa pekee na uwanja wao wa pekee kabla ya kuunganisha michoro.

Baada ya mchoro, tembeeni mpaka wote, na mtembee pamoja na majirani. Ni kazi ya kuchosha na yenye mabishano, lakini mabishano hayo ni afadhali yatokee kwenye kijito mchana kweupe kuliko yatokee baadaye mbele ya ofisa, huku mkata miti akijitetea kwamba alipewa ruhusa na upande wa pili. Chini ya miti mirefu GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo simameni dakika moja au mbili kila alama kabla ya kuhifadhi. Jambo jingine lililotuumbua ni mfumo wa majiranukta wa ramani, yaani namba zinazotaja mahali kila alama ilipo. Tuliweka mpaka wetu juu ya ramani ya zamani iliyopimwa kwa mfumo tofauti na ule wa GPS, na mstari mzima ukasogea mamia ya mita. Kwa wiki mbili tukawa tunamshutumu jirani asiye na hatia. Muulizeni mpimaji ramani yenu rasmi ilichorwa kwa mfumo gani kabla hamjanyooshea mtu kidole.

Sasa tahadhari. Tahadhari ni doa kwenye ramani linalosema kwamba majani yaliyokuwapo hapa hayapo tena. Doa halisemi nani kaondoa, wala kwa nini. Katika madoa tuliyoyafuata tulikuta miti iliyoangushwa na upepo, maporomoko ya ardhi, shamba la mwanakijiji mwenzetu lililoruhusiwa na kikao, na mara nyingine kambi ya wapasua mbao yenye majivu ya moto bado vuguvugu. Lazima mtu aende. Na mtu akienda mara moja kwa hamasa, mara ya tano atauliza nani atamlimia shamba lake siku hiyo, naye ana haki ya kuuliza. Utafiti uliofanyika Loreto, katika Amazon ya Peru, na kuchapishwa mwaka 2021, ulihusisha jamii 76 za wenyeji asilia, ambapo 36 kati yake zilipewa tahadhari, mafunzo na posho kwa wafuatiliaji wao. Mwaka wa kwanza upotevu wa msitu katika jamii hizo ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 ukilinganisha na zile ambazo hazikupewa, na mwaka wa pili kwa asilimia 21. Mahali ambapo mtandao haukufika, taarifa zilisafirishwa kwa mtumbwi zikiwa ndani ya flashi. Nawaomba mlitazame neno posho kabla ya neno setilaiti, maana wafadhili wengi hulifumbia macho wakisema kazi hii ni ya kujitolea.

Tahadhari hizo hazitaona kila kitu. Anayeingia na msumeno wa mnyororo akachagua mti mmoja wa thamani, akaupasua palepale na kutoka na mbao begani, haachi pengo ambalo pikseli ya mita 30 italitambua. Wizi wa namna hiyo hugunduliwa na masikio na macho: unga wa mbao kwenye majani, njia mpya ya kuburuzia magogo, pikipiki zinazopita saa za ajabu. Hapo ramani ya jamii hufanya kazi peke yake, kwa kuwa kila doria inayoandika ilichokiona na mahali ilipokiona inawajengea picha ambayo hakuna chombo cha angani kinachoweza kuwapa.

Kuhusu ushahidi, nitasema kwa uchungu kidogo. Tuliwahi kupeleka picha 40 za magogo kwenye ofisi inayohusika, zikarudishwa kwa sababu simu iliyozipiga ilikuwa na tarehe ya miaka miwili nyuma. Kosa lilikuwa letu, ingawa sikuona pia haraka yoyote ya kwenda kutazama magogo yenyewe. Siku hizi kila doria huanza kwa kukagua tarehe na kuwasha GPS, na wanaotoka hawapungui watatu. Wakisikia msumeno unanguruma hawasogei: wanaandika saa na mahali waliposimama, wanarudi, kisha wanakwenda na wenye mamlaka.

Droni tuliipata mwaka wa tano, na ilitusaidia kupima ukubwa wa eneo lililokwisha kufyekwa ili hesabu iingie kwenye mashtaka. Kuwatafuta wakataji kwa droni usiku, juu ya msitu uliofunga, kulitumalizia betri tu. Mkianza kuchora, tengeni tangu mwanzo nakala mbili: moja ya kuonyesha watu, yenye mpaka na vijiji, na nyingine ya kubaki kwenu, yenye makaburi, sehemu za dawa na miti mikubwa iliyosalia, kwa maana ramani inayoonyesha miti ya thamani ilipo inasomwa na mwizi vizuri kuliko inavyosomwa na ofisa. Ile ya pili kwetu anaitunza yule mama wa kijito.