Dumu la chokaa lililonimalizia samaki

Juzi kijana mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia: "Kaka shikamoo. Nimetengeneza mtambo wa maji ya chokaa kama wako. Asubuhi nimekuta tangi jeupe kama uji wa mchele na samaki wamelala ubavu. Nimekosea wapi?"

Nilisoma nikaiweka simu kifudifudi mezani. Asubuhi hiyo naijua. Niliwahi kuamka nayo hapa hapa Moshi, na sijawahi kuisimulia yote.

Nyinyi mnaofuga matumbawe kwenye tangi la maji ya bahari mnajua tunachotafuta: mifupa ya matumbawe hujengwa kwa kalsiamu, na yakikua yanaimaliza majini. Maji ya chokaa ndiyo yanayoirudisha. Wa Ulaya ananunua mtambo dukani. Mimi nilichukua dumu la maji ya kunywa la lita 19, lile linaloonyesha ndani, nikalitoboa kiganja kimoja juu ya kitako, nikachomeka mpira wa dripu nilioununua duka la dawa. Ndani chokaa na maji yaliyochujwa, nje kile kigurudumu cha kubana matone. Basi. Shemeji yangu alisimama mlangoni akacheka: "Yaani unanyonyesha mawe?" Jina likanikaa mtaani, Baba Mawe. Sikusahau.

Lakini lilifanya kazi! Wazee wa pwani walichoma matumbawe kwenye tanuri wapate chokaa ya kujengea. Mimi nilikuwa nairudisha chokaa iwe tumbawe. Miezi minne vipande vyangu vilitoka ukubwa wa kidole gumba hadi kufunika kiganja. Nilijiona bingwa, nikaanza kuwafundisha wengine, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kulikuwa na msiba Marangu, siku mbili. Matone ya dumu ndiyo yanayojazia maji yanayokauka tangini, nikahofia yatapungua, nikakoroga dumu haraka haraka na kulegeza kigurudumu kidogo. Kidogo tu. Nikaona heri yazidi kuliko yapungue. Niliporudi sakafu ilikuwa imelowa hadi kwenye zulia, dumu limeshuka mpaka usawa wa tundu, na tangi huoni hata ukuta wa nyuma. Samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa, wale wenye mistari myeupe, walikuwa wamejibana kwenye kona moja, wamekufa pamoja. Kioo chote kilikuwa na vumbi jeupe ambalo ukilipitisha kidole linakwaruza kama msasa.

Maji ya chokaa yaliyokolea yana pH ya 12.4 hivi (pH hupima asidi na besi; ikizidi 7 ni besi). Tangi la bahari linataka kati ya 8.1 na 8.4. Piga hesabu mwenyewe lita zaidi ya 10 zikiingia kwenye tangi la lita 200 kwa mkupuo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikiliza. Taratibu, na usiku. Usiku kwa sababu taa zikizimwa pH hushuka yenyewe, chokaa inaipandisha. Tone moja kwa sekunde, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, halifiki lita 2, na tangi langu hupoteza zaidi ya hapo kwa siku. Usiingize maji mengi kuliko yale yanayokauka. Narudia, usizidishe. Ukikoroga, subiri saa kadhaa mashapo yatulie. Kinachotakiwa kuingia ni maji maangavu, si maziwa. Kuongeza chokaa hakusaidii, lita moja haiyeyushi hata gramu 2. Ule utandu unaoganda juu ni chokaa iliyokutana na hewa ukaa, uache, unasaidia kuziba dumu. Mpira ukiota ukoko, loweka kwenye siki.

Na maji ya bomba ya huko kwenu acha kabisa. Floridi inayoshuka na maji ya Mlima Meru mnaiona kwenye meno yenu, chuja kwanza.

Tangi likishakuwa jeupe, funga dripu, mimina maji ya soda yasiyo na sukari kidogo kidogo pale pampu inaposukuma kwa nguvu, huku ukipima pH. Mimi sikujua hilo. Nilibaki nimekaa kwenye ndoo nikiangalia. Watu wa siku hizi mnataka matumbawe ya mwaka mzima ndani ya wiki mbili, mnafungua kigurudumu, halafu mnauliza mmekosea wapi. Na mimi ndiye niliyewafundisha, najua.

Sasa hivi nina dumu dogo, la lita 3. Likimwagika lote, tangi litastahimili. Shemeji bado anacheka, ila wageni wake akitaka kuwaonyesha kitu anawaleta kwangu.

Jambo moja sijakuelewa kwenye ujumbe wako. Chokaa uliitoa duka la vifaa vya ujenzi, au ile safi ya kula? Chukua kijiko chake, tia kwenye siki, uniambie kama kinatoa povu sana. Kikitoa, chokaa yako ilishakutana na hewa ukaa ikafa kabla hujaifungua, na hicho cheupe ulichokiona huenda ni vumbi lake tu.