Mtoto hahamishwi gizani

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na mjukuu wangu nimemsikia akicheka nyuma ya simu. Umeniuliza kama ukimhamishia kwa shangazi yako Dodoma kabla shauri la talaka halijafunguliwa, utakuwa na nguvu zaidi mahakamani.

Ana miaka minne. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga hilo, ila sheria hiyohiyo inamtaka hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Na kwa kawaida talaka haisikilizwi mpaka mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liandike kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Basi utamwondoa leo ili iweje?

Dada yako alikuwa na miaka mitano nilipokosana na mama yenu. Wewe ulikuwa unanyonya, ndiyo maana sikukugusa. Nilimwamsha alfajiri, nikamwambia twende tukamsalimie bibi, tukapanda basi kutoka Morogoro mpaka Kondoa. Nikamwacha huko.

Nilijiambia mtoto ni damu yangu, na bibi yake anampenda. Alimpenda kweli. Alimlisha, akamwogesha, akamlaza kitandani kwake. Lakini kichwa hakumwachia. Mama yenu alikuwa amemsuka siku mbili kabla, na yule mtoto akakataa katakata kufumuliwa. Wiki tisa! Bibi akishika kitana, analia mpaka anakosa pumzi. Siku ya kwenda Mahakama ya Mwanzo, nywele zilikuwa zimeshikana kama pamba iliyonyeshewa. Mama yenu hakunitukana. Alimkalisha kwenye ngazi za mahakama, akaanza kumfumua taratibu kwa vidole. Mimi nimesimama pale na faili langu kwapani.

Hakimu aliniuliza jambo moja tu: mtoto aliambiwa anahama? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtoto hahamishwi gizani, mwanangu.

Huenda utasema wewe si mimi, na mkeo si mama yenu. Ni kweli. Huenda mtoto angetulia zaidi kwako. Hilo lipeleke mbele ya hakimu mchana kweupe, na majirani waje waseme wanachokijua. Matunzo usikate hata mwezi mmoja, awe kwako au kwa mama yake. Wajibu huo sheria imemtwika baba.

Kuhusu nani kati yenu kakosa, neno ninalo. Nimeliandika mara mbili, nikalifuta. Tuliache. Mtoto hahamishwi gizani, hilo ndilo langu kwa leo.

Jumamosi ukimchukua, mwambie mapema atarudi siku gani. Na siku hiyo mrudishe jua halijazama.

Baba yako