Virutubisho vya Sukari: Daktari Wako Avijue Vyote

Nimeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka tisa, na muda wote huo sijakosa mtu wa kunishauri kitu cha kumeza. Hapa Mwanza ushauri huo hukukuta kwenye foleni ya kliniki, kwenye daladala ya Nyegezi, hata msibani, ambako mtu hukutolea chupa mkobani na kukueleza kwamba vidonge vyake vinashusha sukari na mafuta kwa pamoja, na havina madhara kwa kuwa ni mimea. Maneno hayo niliyaamini, na yalinifikisha pabaya.

Mwaka wa tatu wa ugonjwa nilikuwa nikitumia dawa mbili za kisukari, metformini na glibenklamaidi, nikaongeza unga wa mlonge na vidonge vya karela, lile tunda chungu, bila kumwambia daktari. Siku moja, nikiwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba nachagua dagaa na sijatia kitu tumboni tangu alfajiri, mikono ilianza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka, na noti nilizozishika nikashindwa kuzihesabu. Mama aliyekuwa akiniuzia, ambaye mumewe naye ana sukari, alipindua ndoo akanikalisha na kuninywesha soda. Duka la dawa la jirani liliponipima, baada ya soda hiyo, mashine ilisoma 3.1 mmol/L, wakati chini ya 4 tayari ni hatari.

Glibenklamaidi huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hujala. Ukiongeza juu yake kitu kingine kinachoshusha sukari, kisha ukaruka mlo, mwili hauna pa kushika. Ndiyo maana nasema kirutubisho ama hakifanyi kazi, na hela yako imepotea, ama kinafanya kazi, na hapo ni dawa ambayo daktari lazima aijue. Mimea siidharau hata kidogo: metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, lakini ilichunguzwa na dozi yake ikajulikana, ndipo ikaanza kutibu wagonjwa Ufaransa mwaka 1957. Kijiko cha unga uliosagwa uani hakina dozi inayojulikana.

Mdalasini unaouzwa kwa wingi ni wa aina ya kasia, wenye kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi huweza kudhuru ini; kuutia kwenye chai si tatizo, kuumeza kwa vijiko kila siku ni jambo jingine. Mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kwa ajili ya mafuta ya damu, una kemikali ileile iliyomo katika lovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa hiyo anayetumia atovastatini, dawa ya kundi hilohilo, akiuongeza anajizidishia dawa na kuhatarisha misuli yake. Tena mamlaka ya dawa ya Marekani imewahi kugundua bidhaa za kisukari zilizoitwa za asili, kumbe ndani zimetiwa glibenklamaidi kwa siri.

Mafuta ya samaki yana ukweli wake, ila ni ukweli nusu. Omega-3, mafuta yaliyomo ndani yake, kwa dozi kubwa hupunguza trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, lakini kolesteroli mbaya haiishushi, na kidonge cha kawaida cha gramu moja mara nyingi kina miligramu 300 tu za omega-3 hiyo. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna dagaa. Ninawaosha mara tatu hadi mchanga uishe, nawachemsha kwa nyanya na kitunguu badala ya kuwakaanga, na fedha niliyokuwa nikinunulia chupa sasa inanunua stripu za kupimia.

Ukiamua kujaribu kirutubisho, beba chupa yenyewe hadi kliniki, usitegemee kukumbuka jina lake. Jaribu kimoja tu kwa wakati, pima asubuhi kabla ya kula na uandike daftarini, kisha baada ya miezi mitatu linganisha kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, na kile cha mwanzo. Dawa zako usiziache kwa sababu wiki moja imekuwa nzuri.

Kirutubisho ninachomeza leo ni kimoja, vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza mwilini, na nilipolalamikia ganzi ya nyayo daktari alipima kwanza kiwango chake kwenye damu, akakikuta kiko chini, ndipo akaniandikia. Ganzi imepungua, ingawa haijaisha.