Mzee wetu haji tena majini

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu nyingi kutoka Kilifi. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wanane tunaokutana kila Jumamosi kupiga kafi katika hori yetu, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, wengine kwa kayaki za plastiki na wengine kwa mitumbwi. Mwezi uliopita upepo wa kusi ulichachamaa tungali katikati ya maji, na dada mmoja aliyekuwa akitoka nasi kwa mara ya pili akashindwa kuinyoosha kayaki yake. Kila akipiga kafi, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ilimgeukia joshi, upande upepo unakotoka. Mzee wetu, mvuvi mstaafu aliyetufundisha wengi kusoma maji, alimwambia asogeze mzigo wake tezini, yaani nyuma ya chombo. Mimi nikasema mbele ya wote kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwamba kayaki ile haina pezi la nyuma, na kwamba mzigo hauhusiani kabisa na jambo hilo. Nimesoma sana habari hizi na nilikuwa na hakika. Mzee hakujibu. Sisi vijana tuliendelea kubishana mpaka tukafika ufukweni, dada yule akiwa na malengelenge viganjani, na tangu siku hiyo mzee haji tena. Kikundi kimegawanyika pande mbili, na kila tukizungumzia vifaa, hata pembe ya kafi tu, tunaishia kwenye maneno makali. Je, ni lazima niombe radhi kwa kusema jambo la kweli?
Mpiga kafi, Kilifi

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo neno "kweli", kwa sababu ndilo lililobeba barua yako yote. Ulilosema kuhusu pezi ni sahihi. Ulilosema kuhusu mzigo si sahihi, na mzee wako alikuwa anajua anachokisema.

Kayaki inapokwenda mbele, maji huibana omo kutoka pande zote mbili, lakini huko tezini maji yamekwisha kuvurugika na hayashiki kwa nguvu ile ile. Upepo ukiipiga ubavuni, omo inabaki imeshikwa na tezi inasukumwa kirahisi kuelekea demani, upande upepo unakoelekea. Ndiyo maana chombo hugeuka kutafuta upepo, na mpiga kafi asiyejua sababu hujichosha kwa kupiga upande mmoja tu. Pezi huteremshwa majini ili tezi ipate kitu cha kuishikilia. Mzigo uliosogezwa nyuma huizamisha tezi kidogo na kuiinua omo, na matokeo yake ni yale yale. Kwa hiyo nyinyi wawili mlikuwa mnaeleza dawa mbili za ugonjwa mmoja, na dada yule, ambaye kayaki yake haikuwa na pezi, alihitaji ile ya mzee, kwa kuwa pezi haliwezi kufungwa katikati ya hori.

Sisemi kwamba njia ya mzee haina kasoro. Ukizidisha mzigo nyuma, omo huwa nyepesi mno, upepo huipeleka demani, na kuirudisha joshi huwa kazi ngumu. Tena si rahisi kupanga upya mizigo mawimbi yakiwa yameinuka. Pezi nalo hupandishwa na kuteremshwa kwa kadiri unayotaka ukiwa umekaa palepale, ila changarawe zikiingia katika nafasi yake wakati wa kusukuma chombo kutoka ufukweni, linakwama na halikusaidii chochote. Mazungumzo ya namna hii ni matamu sana kwa watu wanaopenda maji, na ninasikitika kwamba hamkuyapata siku ile.

Nadhani lugha pia ilichangia. Wewe ulijifunza katika maandishi, yeye alijifunza akiwa ndani ya mtumbwi, na mtu aliyekulia huko husema "sogeza mzigo tezini" bila kutaja sababu, kwa kuwa aliyemfundisha hakumtajia. Ulipokosa kusikia sababu ulidhani haipo. Ungemwuliza tu, "Mzee, tukiusogeza chombo kitafanyaje?", angekueleza mbele ya wote, nawe ungepata nafasi ya kuongeza habari ya pezi.

Kwa hiyo naam, omba radhi, na usitume ujumbe wa simu. Nenda nyumbani kwake, ukifuatana na mtu mzima mmoja wa kikundi ambaye mzee anamheshimu. Mwamkie shikamoo, kaa, uliza hali ya nyumbani, na ukifika kwenye jambo lenyewe sema waziwazi kwamba ulimkatiza mbele ya watu na kwamba kuhusu mzigo ulikosea. Usianze kumweleza pezi siku hiyo. Akikubali kurudi, mwombe Jumamosi moja awaonyeshe: chukueni dumu la maji la lita 20, lifungeni vizuri omoni, mtu avuke hori upepo ukiwa ubavuni, kisha lihamishieni tezini na avuke tena. Fanyeni hivyo asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu, na vyombo vingine viwe karibu. Kosa ulilifanya mbele ya kikundi, na ni vizuri mzee arudi kufundisha mbele ya kikundi hicho hicho.

Kuhusu pembe ya kafi, ugomvi wenu una asili ninayoielewa. Kafi ya kayaki ina mabapa mawili, na moja hupindwa lisilingane na lingine ili bapa lililo hewani likate upepo wa mbele kwa ukingo wake. Zamani wengi walitumia digrii 90 au karibu na hapo. Siku hizi utawakuta wanaotumia 60, 45, 30, na wengine hawapindi kabisa, hasa wale ambao kifundo cha mkono huwauma. Upepo ukitoka ubavuni, faida ya kupinda hugeuka. Mtu anayesema "pembe hii ndiyo bora" mara nyingi anataja mkono wake, chombo chake na upepo aliouzoea. Jizoezeni kuvitaja vitu hivyo vitatu kabla ya kutoa rai. Watu wa Greenland, ambako kayaki ina historia ndefu, kwa desturi hupima kafi kwa mwili wa mwenyewe: upana wa mikono iliyonyooshwa, ukiongeza urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kwa Kiswahili tungesema pima moja na dhiraa moja, na mzee wako angeelewa mara moja bila tafsiri. Kipimo hicho kikikufaa wewe, jirani yako mrefu atahitaji kafi nyingine, na hakuna kati yenu aliyekosea.

Lipo eneo moja ambalo sitaki mnyamaze kwa ajili ya heshima. Mtu akiingia majini bila jaketi la kuokolea, au akitaka kuvuka karibu na mlango wa bahari wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakitoka kwa kasi, mwambieni papo hapo, awe mzee au mgeni, na asiposikia msitoke naye. Hayo hayangojei faragha. Pembe, pezi na urefu wa kafi vinangoja mpaka mfike nchi kavu, chai ikiwa mezani.

Jambo la mwisho ni yule dada. Barua yako imemtaja mara mbili kisha ikamwacha, kama mlivyomwacha siku ile akihangaika na upepo huku nyinyi mkibishana kuhusu chombo chake. Hukusema kama bado anakuja. Mpigie simu leo, kabla hujaenda kwa mzee, umwulize mikono yake inaendeleaje, na umwambie kwamba hakukosea kupiga kafi. Mzigo wake ulikuwa umekaa mbele.