Uvimbe kando ya uti wa mgongo: kabla ya sindano

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 38. CT ya kifua imeonyesha uvimbe wa sentimita 4 kando ya uti wa mgongo. Ripoti inasema "huenda ni uvimbe wa neva". Wiki ijayo anatolewa kinyama kwa sindano. Presha yake hupanda ghafla huku akitoka jasho. Je, kuna cha kupima kwanza?

JIBU: Marahaba. Kipo, na jasho hilo ndilo linalotutia shaka. Uvimbe mwingi wa eneo hilo kweli ni wa neva, tena si saratani. Ila paraganglioma, uvimbe adimu unaoweza kutoa homoni jamii ya adrenalini, huota mahali hapohapo, ukiwa wa mviringo na wenye kingo laini vilevile. Mara nyingi hung'aa sana kwenye picha ya CT mgonjwa akidungwa kontrasti (dawa ya kufanya picha ionekane vizuri), kwa kuwa umejaa mishipa ya damu. Ukichomwa bila maandalizi, presha inaweza kuruka vibaya.

Aombe kipimo cha metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo mwilini: damu ichukuliwe baada ya kulala chali dakika 20 hadi 30, au akusanye mkojo wa saa 24. Ataje dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za sonona hupandisha majibu. Yakiwa juu, sindano isitishwe. Kabla ya upasuaji wa kuuondoa hutangulia doksazosini (dawa ya presha inayolegeza mishipa ya damu) au dawa ya kundi lake, siku 7 hadi 14. Propranololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, isiitangulie kamwe.

Majibu ya kawaida hayaondoi shaka yote, maana kuna paraganglioma zisizotoa homoni.