Kilima cha saa sita: moshi wa jikoni au kosa la kipimo?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Nasomesha fizikia hapa Amu (Lamu). Tangu Januari wanafunzi wangu wanapima jua juu ya paa la shule kwa fotomita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, tuliyoiunda wenyewe: LED ya kijani ndani ya kijisanduku cheusi, na voltimita. Kila siku hesabu zinatupa kilima. Kina cha mwanga, yaani kipimo cha jinsi anga inavyozuia miale, kinapanda hadi 0.35 karibu saa sita na nusu mchana, kisha kinashuka. Tukasema ni moshi wa mapishi. Ramadhani ikaingia, mchana hakuna chungu mekoni, na kilima kiko pale pale. Mji wa punda na vichochoro, moshi huu unatoka wapi? Thamani ya V0, yaani volti ambazo kifaa kingesoma pasipo hewa, tuliipata kwa kuchora mstari wa asubuhi moja, mwezi wa Januari.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Ramadhani imewafanyia jaribio ambalo maabara nyingi wangelilipia pesa. Chungu kimeondoka, kilima kimebaki. Basi si chungu. Tazama pia saa yenyewe: miezi hiyo, saa sita na nusu hivi ndipo jua la Lamu linapofika juu kabisa. Moshi haufuati jua kwa adabu namna hiyo. Kosa la V0 hulifuata.

Mnachukua logi asilia ya V0 kugawanya kwa V, volti mnazosoma, kisha mnaigawanya kwa m, yaani unene wa hewa ambao miale inaupita. Jua likiwa utosini m ni 1. Likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, m ni 2. Tuseme V0 yenu imezidi kwa asilimia 10. Logi ya 1.10 ni 0.095. Saa sita, kosa lote hilo linaingia kwenye jibu. Asubuhi m ikiwa 4, linaingia robo yake tu, 0.024. Chora hayo kutwa nzima, utakiona kilima chako, hata kama hewa haikubadilika hata chembe.

V0 ilizidi vipi? Hapa moshi unarudi kwa mlango wa nyuma. Mstari ule wa logi ya V dhidi ya m, mnaourefusha hadi m ni 0 kupata V0, unataka hewa itulie tangu m ni 5 hadi m ni 2. Kwenu, karibu na ikweta, jua linapanda wima na kazi hiyo inakwisha kwa saa moja na robo hivi, takriban saa moja na robo hadi saa mbili na nusu asubuhi. Saa hizo ndizo za chai na mahamri. Moshi ulikuwa mzito mwanzoni ukapungua jua likipanda, mstari ukasimama zaidi ya haki yake, na V0 ikaruka juu. Kwa hiyo wanafunzi hawakukosea kuutaja moshi. Walikosea saa, na mwezi.

Rudieni asubuhi kumi au zaidi, mbali na meko. Msimu wa kusi ningekwenda Shela, kwa kuwa upepo unatoka baharini moja kwa moja. Lakini simameni nyuma, mbali na mawimbi yanapovunjika. Mimi niliwahi kupoteza wiki nzima ya vipimo kwa utando wa chumvi kwenye kioo, mwembamba hata ukiugusa huuhisi, na kifaa kikausoma kama vumbi la angani. Asubuhi ambayo nukta hazikukaa kwenye mstari, itupeni bila huruma. Kwa miaka mingi fotomita kuu za AERONET, mtandao wa dunia wa kupima chembe za angani, zilikuwa zikipelekwa mlima Mauna Loa, Hawaii, karibu mita 3,400 juu ya bahari, kwa shida hiihii ya kutafuta hewa tulivu.

Jambo la pili: sioni mahali mlipoondoa sehemu ya kina inayotokana na hewa yenyewe. Molekuli za hewa hutawanya mwanga hata pasipo chembe moja ya vumbi. Tuseme LED yenu ya kijani inahisi mwanga wa karibu nanomita 525; hapo, usawa wa bahari, hewa peke yake inachukua kama 0.12. Ozoni ina kidogo, kama 0.015. Ondoa hayo na lile kosa la V0, na 0.35 yenu inakaribia 0.12. Hiyo ni anga safi kiasi.

Mkitaka kujua ni chembe gani, ongezeni rangi ya pili, iliyo mbali na kijani. Kina kikiwa 0.30 kwa nanomita 440 na 0.10 kwa 870, kipeo cha Ångström, namba inayoonyesha jinsi kina kinavyobadilika rangi ikibadilika, ni 1.6: chembe ndogo, moshi. Kikiwa 0.30 na 0.23, kipeo ni 0.4: chembe kubwa, chumvi ya bahari au vumbi linaloletwa na kaskazi. Bado hamtajua kilichopo puani mwa mpita njia, kwa maana jua linapima anga yote, tangu ardhini hadi juu.

Vipimo vya AERONET vya Malindi, kutoka kituo cha San Marco, viko wazi kwenye intaneti bila malipo. Linganisheni kipeo chenu na chao kwa miezi ileile. Daftari la Januari msilitupe: V zake ni sahihi, ingizeni V0 mpya, mkiirekebisha kwa umbali wa jua wa mwezi huo, na mpige hesabu upya.